Geji ya nyongeza kwa gari la tabo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Majibu haya yanahusu magari ya tabo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi) yanayoonekana zaidi Tanga: Prado na Surf za dizeli, Patrol, Pajero, Hilux, na Subaru za petroli. Joto lote limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi.

## Kabla ya kununua

Dashibodi yangu ina geji tayari. Hii ya nyongeza ya nini?

Geji nyingi za kiwandani zimepangwa zisimsumbue dereva. Mshale wa joto wa magari mengi ya Kijapani ukishafika katikati unaganda hapo: maji yakiwa nyuzi 82 uko katikati, yakiwa 95 uko katikati, yakigusa 100 bado uko palepale. Siku ukiuona unapanda, ujue mambo yameharibika muda. Taa nyekundu ya oili nayo huwaka presha ikiwa imeshuka karibu na sifuri. Injini yenye tabo haitakiwi kufika huko hata kidogo, maana shafti ya tabo inaelea kwenye oili hiyohiyo huku ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Presha ya tabo (ya hewa inayosukumwa na tabo) na joto la moshi unaotoka kwenye injini ndiyo kabisa. Magari mengi hayana hata mshale wake.

Basi ninunue ipi kwanza?

Mara nyingi anayeuliza ameshachagua: anataka geji ya presha ya tabo, kwa kuwa mshale wake unacheza kila akikanyaga mafuta. Inapendeza, sikatai. Lakini geji ya kwanza inafaa iwe ya kile kinachoiua injini yako wewe, na injini hazifi kwa ugonjwa mmoja.

Prado na Surf zenye injini ya 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) zikichemsha. Mwenye gari hilo aanze na joto la maji, tena geji yenye king'ora, ndipo afuatie joto la moshi. Patrol yenye ZD30, au dizeli yoyote iliyofunguliwa mafuta kwenye pampu au kubadilishwa programu ya kompyuta, ianze na joto la moshi, kwa sababu huko kinachoyeyuka ni pistoni. Subaru ya petroli yenye EJ20 ianze na presha ya oili. Presha ya tabo ije ya pili. Dizeli ya kisasa kama 1KD-FTV ambayo haijaguswa, joto la maji linatosha kuanzia, na mengine jaribu kwanza kuyasoma kwa simu (tazama swali la simu, chini).

Mimi safari zangu ni Ngamiani, Chumbageni na Raskazone. Nahitaji?

Geji ya tabo, hapana. Mji wetu ni tambarare, na kwa mwendo wa mjini tabo haipati kazi ya maana. Pesa hiyo ipeleke kwenye kusafisha rejeta na kununua kulanti halisi. Siku utakapoanza kupandisha Lushoto au Amani, au kuvuta boti kwenda Pangani, rudi usome tena.

Nifunge tatu kwa mpigo?

Ukiwa nazo funga, ila kwenye kona za Soni macho yako yanatakiwa barabarani. Geji moja inayopiga kelele mambo yakiharibika ni bora kuliko tatu zinazongoja utazame.

## Presha ya tabo

Kuna za bar, za psi, za kPa. Nichague ipi?

Yoyote uliyoizoea. Bar 1 ni sawa na kPa 100, na ni psi 14.5. Geji za zamani za Kijapani zenye kg/cm² zichukulie kama bar, tofauti ni ndogo mno. Zile za Defi (chapa ya Japani) zenye maandishi ya ×100kPa zinawachanganya watu bure: mshale ukisimama kwenye 0.8, ni bar 0.8.

Kinachofaa kuangaliwa zaidi ni mwisho wa geji. Injini inayotoa bar 0.8 ikifungwa geji inayofika bar 4, mshale utabaki unatikisika pembeni na hutaona tofauti ya 0.1. Chukua inayofika bar 2.

Presha ya kawaida ni ngapi?

Dizeli nyingi za zamani hukaa kati ya bar 0.5 na 0.8 zikibeba mzigo. Za kisasa hupita 1. Subaru ya kiwandani huwa inazungukia humo kati ya 0.7 na 1, kutegemea modeli.

Namba ya maana ni ya gari lako likiwa zima. Chagua kilima kimoja unachokipita mara kwa mara, tumia gia ileile, kanyaga mafuta hadi chini, tazama mshale unasimama wapi, kisha iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi ya gari. Bila karatasi hiyo, mwakani ukiona 0.6 hutajua kama ni afya au ni ugonjwa.

Geji ya rafiki yangu inashuka chini ya sifuri. Ya kwangu haishuki. Ni mbovu?

Yeye ana petroli, wewe una dizeli. Injini ya petroli ina kilango cha throto kinachoziba njia ya hewa ukiachia mafuta, hivyo pistoni zinavuta hewa isiyopita na vakyumu (presha iliyo chini ya hewa ya nje) inatokea: gari zima likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) husoma karibu -0.6 hadi -0.7. Dizeli nyingi hazina kizuizi hicho, hewa inaingia wazi muda wote, na mshale wake unalala kwenye sifuri. Kwa dizeli usilipie geji yenye upande wa vakyumu, nusu ya uso wake haitafanya kazi.

Kwa mwenye petroli, upande huo wa chini ni daktari wa bure. Mshale ukiwa sailensi unasoma -0.4 badala ya -0.65, tafuta mpira uliotoboka au gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) inayovuta hewa.

Mbona nikifika Lushoto namba zinabadilika?

Kwa sababu geji ya kawaida haipimi hewa yote iliyomo ndani ya manifoldi. Inapima tofauti kati ya hewa hiyo na hewa ya nje. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, hewa ya nje ni karibu kPa 101. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu, na huko hewa ya nje ni karibu kPa 86. Subaru iliyosoma -0.65 ikiwa sailensi Tanga itasoma karibu -0.5 Lushoto, na haina ugonjwa wowote.

Kwenye presha kuna mtego zaidi. Tuseme geji inaonyesha bar 0.7 kote kuwili. Tanga injini inapata jumla ya bar 1.71, Lushoto inapata 1.56. Namba ni ileile lakini hewa ni pungufu, na dizeli ya pampu ya kizamani inayomwaga mafuta kwa kiasi kilekile itatoa moshi mweusi na joto kali zaidi. Hapo geji ya presha inakwambia mambo ni shwari wakati ya joto la moshi ingekwambia mengine.

Presha imepungua, moshi mweusi umeongezeka. Nibadilishe tabo?

Usikimbilie tabo. Anza na mipira inayoleta hewa kutoka kwenye tabo kwenda intakula (rejeta ya kupooza hewa) na kutoka intakula kwenda kwenye injini. Paka maji ya sabuni, mwenzio apandishe mzunguko wa injini, utazame mapovu. Mpira wa zamani hupasuka upande wa chini, mahali ambapo mkono haufiki, na ukiwa umepoa mpasuko unajifunga usiuone. Kisha kagua mpira mwembamba wa geji yenyewe. Umewahi kutoka kwenye tii yake (kiungo cha njia tatu) na kumlaza mtu usiku kucha akihesabu bei ya tabo.

Presha ikizidi namba yako ya kawaida, hilo ni jambo jingine: westigeti (kilango kinachozuia presha ya tabo isizidi) au mabawa ya tabo yamekwama. Usilikanyage gari hilo mpaka lifunguliwe.

Mpira wa geji uchukue hewa wapi?

Petroli: kwenye manifoldi ya hewa, baada ya throto. Ukichukua kabla ya throto hutaiona vakyumu kamwe. Uache mpira wa rigyuleta ya mafuta kama ulivyo, kwa sababu ukivuja, injini inapata mafuta pungufu wakati inayahitaji zaidi. Dizeli: popote baada ya intakula. Usipitishe mpira wa nailoni karibu na manifoldi ya moshi, utayeyuka.

## Joto

Joto la moshi lina faida gani kuliko joto la maji?

Kasi. Maji ni mengi, yanachukua dakika kadhaa kupanda. Joto la moshi linapanda ndani ya sekunde chache na linashuka ndani ya sekunde chache, kwa hiyo linakufundisha kuendesha.

Chukua mfano wa kupanda kutoka Mombo. Ni kama kilomita 33 hadi Lushoto, unaondoka kwenye mita 400 na kitu unafika 1,400, kona kwa kona. Prado imebeba watu saba na mizigo juu. Dereva ameng'ang'ania gia ya tatu, mzunguko wa injini umeshuka hadi 1,600 kwa dakika, mguu uko chini. Injini haichemki, mshale wa maji umetulia, abiria wanapiga soga. Lakini kwa mzunguko huo tabo haisukumi hewa ya kutosha, na pampu inamwaga mafuta kwa kadiri mguu unavyotaka. Kwa dizeli, mafuta yakizidi hewa, joto linapanda: 600, 650, 700, 740. Akirudi gia ya pili mzunguko unafika 2,600, hewa inaongezeka, mguu unalegea, na mshale unaporomoka hadi 600 kabla hajamaliza kona. Gari linapiga kelele zaidi lakini lina raha zaidi. Hakuna geji nyingine itakayokuonyesha hilo.

Kikomo ni ngapi?

Kwa dizeli, sensa ikiwa kabla ya tabo, kaa chini ya nyuzi 700 kwenye mlima mrefu. 750 iwe ya muda mfupi, kama kumpita lori. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Haziyeyuki papo hapo kwa kuwa moshi unapita kwa mikupuo na oili inazipooza kwa chini. Ndiyo maana muda una uzito sawa na namba. Petroli ni hadithi nyingine: 850 hadi 900 na kitu ni kawaida yake, usiilinganishe na dizeli.

Fundi anasema sensa ifungwe baada ya tabo, ni rahisi. Akubaliwe?

Ni rahisi kweli, na vipande vya chuma vya kutoboa haviwezi kuingia kwenye tabo. Tatizo ni kwamba tabo hula joto: baada yake unaweza kusoma pungufu kwa nyuzi 100 hadi 200, na tofauti hiyo haitulii, inakuwa kubwa zaidi injini ikifanya kazi nzito. Ukikubali, weka kikomo chako karibu na 500.

Kabla ya tabo ndiyo sahihi, ila manifoldi ishushwe kwanza. Anayekwambia atatoboa ikiwa mahali pake na kupaka grisi kwenye keekee anacheza kamari kwa tabo yako.

Sensa ya joto la maji ikae wapi?

Mahali penye maji hata kama yameanza kupungua, karibu na silinda hedi. Wengi hutumia kipande cha aluminiamu kinachokatwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Kinafaa, kwa sharti moja: sensa ya waya mmoja inahitaji athi, na kipande hicho kimezungukwa na mpira pande zote mbili. Kisipovutiwa waya wa athi, geji itasoma uongo au haitasoma kabisa.

Kumbuka pia kwamba sensa ya maji hupima maji. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Kwa injini zenye hedi dhaifu ninapendelea king'ora chenye sensa inayofungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi. Chuma hakiishi.

King'ora nikipange nyuzi ngapi?

Endesha kwanza siku ya joto ukijua kawaida yako, mara nyingi 82 hadi 95, kisha panga nyuzi 8 au 10 juu ya hapo. Ukipanga 90 kitalia kila mlima, na utakizima.

Fundi alitoa themostati (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ili gari lisichemshe. Geji inasoma 65. Si vizuri?

Si vizuri. Injini haifiki joto lake, oili haipashiki, mafuta yanaliwa zaidi, na geji yako haina tena kawaida ya kulinganisha. Rudisha themostati, tafuta kilichokuwa kinachemsha gari.

Na giaboksi ya otomatiki?

Kwa anayevuta boti au kupanda milima na mzigo, inastahili geji kuliko watu wanavyodhani. Oili ya giaboksi kati ya 80 na 95 iko salama. Ikipita 120 inaanza kuungua, na ukichomoa stiki utaisikia kwa pua.

## Presha ya oili

Kipimo cha haraka ni kipi?

Injini ikiwa ya moto, karibu bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Asubuhi ikiwa baridi itasoma juu sana, usishtuke. Kinachotisha ni mshale unaoshuka kwenye kona au ukifunga breki: oili ni pungufu kwenye sampu (karai la oili chini ya injini).

Kwenye Subaru yangu fundi ameweka tii ya shaba chini ya altaneta na sensa mbili juu yake. Iko sawa?

Haiko sawa, hata kama haivuji leo. Sensa ya geji ni nzito, injini inatetemeka, na shaba inachoka. Siku tii ikikatika, oili yote inamwagika kwa dakika chache. Sensa ihamishwe ifungwe kwenye bodi, iunganishwe kwa hozi imara ya presha.

## Kufunga

Sensa imeingia mizunguko miwili ikakaza. Niilazimishe?

Acha! Injini za Kijapani zina thredi za BSPT ya robo nusu, yaani 1/8, zenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani huja na NPT 1/8, meno 27. Kwa macho ni mapacha. Ukilazimisha, ama unapasua tundu kwenye bloku ama inavuja baada ya wiki. Adapta ni kitu kidogo cha bei ndogo. Nunua pamoja na geji, usingoje siku ya kufunga.

Fundi umeme ameunganisha waya wa joto la moshi kwa waya wa kawaida kwa kuwa ulikuwa mfupi. Sasa unasoma ovyo.

Waya ule si wa kawaida. Sensa ya aina ya K ni metali mbili tofauti zilizounganishwa ncha, na waya wake ni wa metali hizohizo hadi kwenye geji. Ukiunga shaba katikati, kiungo hicho nacho kinaanza kupima joto la mahali kilipo. Unarefushwa kwa waya wa aina ya K peke yake. Halafu kuna hili linalowanasa mafundi wengi: kwa rangi za Kimarekani, waya wa njano ni chanya na mwekundu ni hasi. Ukiunganisha kwa mazoea, mshale unarudi nyuma injini ikipata moto.

Nichukue ya mekanika au ya umeme?

Presha ya tabo, yoyote. Ya mekanika haina sensa ya kufa. Presha ya oili, chukua ya umeme. Ya mekanika inaleta oili ya moto hadi ndani kwenye miguu yako.

Gari langu ni la volti 24. Kuna shida?

Ipo. Geji nyingi ni za volti 12 na zitaungua. Pima kwanza kwa mita, hasa Coaster, Canter na Land Cruiser za zamani, kisha nunua geji ya volti hizo au kipunguza volti.

Geji inacheza baada ya miezi michache. Sensa imekufa?

Tanga, anza na athi. Hewa ya chumvi inaota kijani kwenye kila kiungo cha shaba kilichoachwa wazi. Kwangua, funga upya, paka grisi, viungo viwe na plastiki ya kubana kwa moto yenye gundi ndani. Utepe mweusi peke yake hauvumilii masika.

## Maswali ya pembeni

Siwezi kusoma yote kwa simu na kifaa cha ELM327 (kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari)?

Ukibahatika. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya katikati ya miaka ya 2000 yanazungumza lugha ya kiwanda chao na kifaa hicho hakipati kitu. Likikubali, utapata joto la maji na presha ya manifoldi. Angalia kama programu inatoa hewa halisi ya nje au inatoa 101 kila mahali: kama ni 101, Lushoto itakosea kwa kPa 15. Joto la moshi na presha ya oili huwa havipo kwa magari mengi. Kabla ya kununua geji yoyote, azima kifaa cha rafiki ujaribu.

Geji za Defi za bei ya kutupa ni halisi?

Defi ni chapa ya Nippon Seiki ya Japani na inaigizwa mno. Ya kuigiza inaweza kufaa kwa presha ya tabo, ukiilinganisha na geji ya karakana. Kwa presha ya oili na joto sithubutu. Mtumba halisi ni sawa, mradi uje na sensa yake na waya wake. Sensa ya kampuni nyingine itawasha geji na kutoa namba za uongo. Ukiagiza Kariakoo iletwe kwa basi, omba picha ya sensa kando ya rula kabla hujatuma pesa.

Nimefungia 1HZ (injini ya dizeli ya Land Cruiser) tabo. Geji ipi?

Joto la moshi, kabla gari halijatoka gereji. Injini hiyo haikuzaliwa na tabo, na mafuta yakipangwa vibaya hedi inapasuka.

Tabo taima (kifaa kinachoiacha injini iunguruме kidogo kabla ya kuzimika) ni lazima?

Ukiwa na geji ya joto la moshi, hapana. Ukifika Lushoto acha injini sailensi mpaka mshale ushuke chini ya 250, kisha zima. Ukiwa umezunguka mjini polepole mshale utakuwa tayari huko, zima tu.